Kizingiti cha Jarrah

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Nyumbani kwetu Rawda wananijua hivyo tangu utotoni. Ndiye ninayerudi jikoni kuhakikisha gesi imezimwa, ndiye ninayemuuliza daktari swali ambalo hataki kulijibu. Mdogo wangu Jarrah hakupewa hata chembe ya uoga. Nadhani ulipokuwa ukigawiwa kwetu, mimi nilipewa fungu langu na lake.

Sisi watu wa baiskeli wa Kuwait, Agosti hatutoki nje. Anayetoka kuendesha mchana wa Agosti hahitaji daktari, anahitaji sanda. Tunaingia ndani. Diwaniya ya marehemu baba, baraza alilokaa na wenzake kila jioni, ndiyo imekuwa kambi yetu. Makochi bado yamezunguka kuta tatu na dele la kahawa bado liko pembeni, ila katikati ya zulia zimesimama baiskeli mbili zisizo na magurudumu ya nyuma, zimefungwa kwenye mashine zinazozipa uzito, zinatazama televisheni kubwa ukutani. Mama alipoona jasho linadondokea zulia la baba alinuna siku nzima. Kisha akaleta mpira wa kutandika chini.

Majira ya baridi Jarrah alipata homa. Homa ikashuka kifuani, daktari akasema misuli ya moyo imevimba. Akakaa miezi bila kugusa baiskeli. Aliporuhusiwa kurudi alipewa sharti moja tu: mapigo ya moyo yasipite mia na sitini kwa dakika. Yakifika hapo ashuke, hata kama miguu bado inataka. Lakini klabu yetu ilikuwa inachagua watu wa kwenda kupanda milima ya Oman mwezi wa Novemba, na klabu haimchagui mtu kwa maneno. Inataka kuona kizingiti chake.

Kizingiti, kwa asiyejua, ni nguvu ambayo mtu anaweza kuikanyaga kwa muda wa saa moja hivi bila miguu kugoma. Hupimwa kwa wati. Chini yake unaendesha huku unapiga soga, ukiipita kidogo tu mapaja yanawaka moto. Programu ya simu ndiyo inayokitafuta. Inaiamuru mashine iongeze uzito kila dakika, kidogo kidogo, mpaka useme basi, halafu inakupigia hesabu. Na mashine haina huruma. Ukilegeza miguu, yenyewe inakaza zaidi ili wati zisishuke. Jarrah alihitaji wati mia mbili na themanini, na kabla ya homa alikuwa nazo hizo na za akiba.

Alikuwa ameshajaribu mara mbili, na mara zote mbili nilimharibia. Ya kwanza niliona mapigo yamefika mia na arobaini na nane, nikapiga kelele kama nyumba inaungua. Ya pili alikohoa, basi, alikohoa tu, nami nikachomoa waya wa mashine ukutani. Baraza zima lilicheka mpaka machozi. Jarrah hakucheka. Kabla ya jaribio la tatu alinishika mkono akanipeleka jikoni kwa mama.

"Mama, mwambie mwanao aape."

"Aape nini tena?"

"Kwamba leo atakaa kimya. Namba ikifika mia na sitini nitashuka mwenyewe. Kabla ya hapo sitaki kusikia sauti yake."

Mama alinitazama. Yeye naye alikuwa na sharti lake, kwamba kila Jarrah anapoendesha, programu imwonyeshe mapigo kwenye simu yake huko huko jikoni. Wati hazijui na hataki kuzijua. Anajua ile namba yenye picha ya moyo mwekundu, basi.

"Apa, Ghanim," alisema. "Mimi mwenyewe namwangalia."

Nikaapa. Laiti ningejua nilichokuwa nikikiapia.

Baada ya sala ya alasiri watu wakaja. Binamu yetu Mishaal, anayeshika tableti na kujiona rubani wa ndege, alikuwa wa kwanza. Akaja Bu Dhari, rafiki wa baba, ambaye hajawahi kupanda baiskeli maishani lakini hakosi jaribio hata moja. Yeye humimina kahawa na kutukana. Wengine watatu wa klabu wakajipanga kwenye makochi na bakuli la pistashio.

Kuna utaratibu wetu. Anayefuata kupimwa hupasha miguu moto kwanza kwenye baiskeli ya pili, kisha hukaa akisubiri akiwa tayari amejifunga mkanda wa moyo kifuani, ili zamu yake ikifika tusipoteze muda. Siku ile aliyefuata nilikuwa mimi. Mkanda wenyewe unaulamba kwanza, kwa sababu mkavu hausomi. Sisi ndugu wawili tulikuwa na mikanda ya aina moja, Jarrah aliinunua siku moja, duka moja, wake na wangu. Tofauti yao ni namba ndogo zilizochapwa nyuma, za kusomwa na mtu mwenye macho ya kipanga.

Nikakanyaga kidogo, nikashuka, nikavaa kanzu yangu juu ya mkanda, nikaenda kukaa mahali pangu. Kwenye kona, karibu na dele. Ni mahali pa baba. Sipapendi, lakini mzaliwa wa kwanza hukaa pale na hakuna anayeuliza. Baba alifia pale pale akiwa na miaka arobaini na sita. Aliegemea na finjani mkononi, wageni wakadhani amesinzia, wakaendelea na mazungumzo yao. Bu Dhari alikuwepo. Mimi sasa nina arobaini na mitano.

"Mkanda umeshika?" Jarrah aliuliza akiwa juu ya baiskeli.

Mishaal akagusa tableti. "Umeshika, bwana. Moyo upo. Mama, unauona?" alipaza sauti kuelekea mlango wa ndani.

"Nauona!" sauti ya mama ikatoka jikoni. "Themanini na nane!"

"Themanini na nane hajaanza hata kukanyaga," alisema Bu Dhari. "Mwoga huyu naye."

Jarrah akacheka, akavaa vidude vya muziki masikioni, akainamisha kichwa. Feni kubwa ikawashwa mbele yake, ikanguruma. Jaribio likaanza.

Dakika za mwanzo zilikuwa tamu. Wati mia moja, mapigo tisini na mbili. Wati mia moja na arobaini, mapigo tisini na tano. Nilikuwa nimekodoa macho kwenye ule moyo mwekundu ukutani kama mtu anayesubiri jina lake litajwe, na namba ilikuwa haipandi. Wati mia na themanini, mapigo tisini na nane.

"Ona mambo hayo!" Mishaal alipiga paja. "Yakhe, huyu amepona au amebadilishiwa mashine ya ndani?"

"Ana moyo wa ngamia," alisema Bu Dhari, akanimiminia kahawa. "Kunywa, Ghanim, utulie."

Nikanywa. Akamimina tena, nikanywa tena. Kwetu mtu akitosheka hutikisa finjani, asipotikisa ataendelea kumiminiwa mpaka Kiyama. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, ndugu yangu amepona kabisa, nami nimekuwa mjinga mwaka mzima. Nilifurahi kweli. Wati mia mbili na ishirini, mapigo mia moja na moja. Jasho lilikuwa linamtiririka Jarrah mikononi na kudondoka kwenye mpira wa mama, na shingo yake imeanza kuwa nyekundu, lakini namba ilisema amekaa anasoma gazeti.

Hapo ndipo kitu kikaanza kunikereketa. Mapigo mia moja na moja kwa wati mia mbili na ishirini? Hata kabla ya homa hakuwa hivyo. Hakuna aliye hivyo. Nikawatazama wenzangu, wote wanashangilia. Nikajiambia, Ghanim, umeapa. Funga mdomo.

Bu Dhari akanyanyua dele, mkono ukamponyoka, kifuniko cha shaba kikaanguka sakafuni kwa kishindo. Nikashtuka mpaka nikanyanyuka kidogo kitini. Nilipotazama ukutani, namba ilikuwa imeruka. Mia na kumi na tisa.

Jarrah hakuwa amesikia chochote. Muziki masikioni, feni usoni. Hakuinua hata kichwa.

Nikabaki naitazama ile namba. Ikashuka polepole, mia na kumi na nne, mia na kumi, kadiri nilivyokuwa natulia. Kisha wazo likanijia, na wazo lilipokuja namba ikapanda. Mia na ishirini na sita. Mate yakanikauka. Mia na thelathini na moja. Nilikuwa naogopa, na ukuta ulikuwa unaogopa pamoja nami.

Nikapeleka mkono kifuani, juu ya kanzu. Mkanda ulikuwepo, umelowa, umenibana.

"Haya sasa, moyo umeamka!" Mishaal alipiga kelele. "Mia na arobaini! Wati mia mbili na sitini! Kaza, Jarrah, bado una nafasi!"

Bado ana nafasi. Nilielewa yote kwa mara moja, na sitaki tena kuelewa kitu namna ile. Ule haukuwa moyo wa Jarrah, ulikuwa wangu. Tableti ilikuwa imedaka mkanda wangu. Wa kwake ulikuwa unapiga huko chini ya fulana bila mtu wa kuusikia, umepita mia na sitini zamani, umefika wapi Mungu ndiye ajuaye, na yeye kila akiinua jicho anauona moyo wangu ukimwambia endelea.

"Mzimeni," nilisema. Sauti ilitoka kama ya paka. "Mishaal, zima!"

"Ameanza!" walicheka. "Ameanza mwoga wetu!"

"Umeapa, Ghanim!" alisema Bu Dhari, akanishika bega akanirudisha kitini. "Umemwapia mama yako. Kaa, kunywa kahawa." Akanitia finjani mkononi. Mkono ulikuwa unatetemeka, finjani ikatikisika. "Eh, umetosheka?"

"Sijatosheka! Ule moyo si wake!"

"Si wake ni wa nani, wa jirani?"

Kicheko. Wati mia mbili na themanini. Wakasimama wote wakapiga makofi, kizingiti kilikuwa kinakuja, nami sikuweza kupenya katikati yao. Nilimwona Jarrah kwa upande, kati ya kiwiko cha mtu na kiwiko cha mtu. Mdomo wazi. Rangi ya midomo sikuipenda. Miguu ilikuwa imeanza kuwa mizito na mashine ikawa inamkazia, naye anaikanyaga, anaikanyaga, macho yamefumbwa. Nami nikawa sisikii tena kicheko chao. Nilichosikia ni damu yangu masikioni, inakwenda, inasimama, inakimbia.

"Mia na sabini na moja!" Mishaal alisema, na sasa hakucheka. "Imepanda ghafla hivi! Jarrah! Jarrah, shuka!"

Jarrah hakusikia.

Nilipandisha kanzu mbele za watu, nikaingiza mkono, nikaunyofoa ule mkanda kifuani. Nikauinua juu wauone.

"Tazameni ukutani!"

Sekunde chache namba ilibaki pale pale. Kisha moyo mwekundu ukawa wa kijivu, na mahali pa namba pakaja vistari viwili.

 Jarrah alikuwa bado anakanyaga. Yaani mbele yetu mtu anaendesha baiskeli, na ukutani hana moyo. Mishaal akatupa tableti kwenye kochi na kuchomoa waya.

Na jikoni mama naye alikuwa ameviona vistari viwili.

Hatujawahi kumwona mama kwenye baraza la wanaume tangu siku aliyoingia kumfunika baba. Huwa hapiti mlango ule, hata akileta chai hugonga tu na kuiacha. Alipita akiwa peku, shela imemwangukia mabegani, mikono ina unga, na ukelele aliotoa sitaki kuuandika. Wanaume wakainamisha macho. Alimfikia Jarrah kabla yangu, akamvuta kutoka kwenye baiskeli na viatu vyake vimekwama kwenye pedali, wakaanguka wote wawili juu ya mpira.

"Yu hai, mama," nilisema. "Yu hai, ni mkanda tu. Ni mkanda!"

Hakunisikiliza. Alilaza sikio kifuani kwa Jarrah, kwenye fulana iliyolowa, akakaa hivyo. Jarrah alikuwa anahema kama mtu aliyetolewa kisimani. Alipopata pumzi ya kusema, alisema, "Ulikuwa unanigonga hadi kooni. Niliusikia. Lakini nikitazama ukutani naona mia na arobaini. Nikasema ukuta unajua kuliko mimi."

Mishaal akaokota tableti na kuutafuta mkanda wa pili. Akaupata. Mia na themanini na tisa. Tukasimama tukiangalia. Mia na themanini na nne. Mia na sabini na tano. Ilikuwa inashuka kwa mpangilio, kama inavyotakiwa, kama ya mtu aliyetoka kupanda mlima. Ilipofika mia na ishirini Bu Dhari akaanza kulia bila kujificha. Televisheni, kwa ujinga wake, ikafyatua karatasi za rangi za sherehe: kizingiti chako kipya ni wati mia mbili na themanini na sita. Hakuna aliyeitazama.

"Sirudi tena," alisema Jarrah. "Oman waende wenye mioyo yao."

Nikacheka. Nikarudi kukaa kitini kwangu. Hofu yangu ya mwaka mzima ilikuwa imeisha, ndugu yangu alikuwa hai na namba yake ilikuwa tisini na kitu. Nilitaka tu kulala.

Mama alikuwa amekaa chini, kichwa cha Jarrah mapajani. Alinyanyua uso.

"Ghanim. Ile namba niliyokuwa naiangalia mimi, ilikuwa ya nani?"

"Yangu, mama. Tableti ilidaka mkanda wangu."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Ile ya mwisho? Mia na sabini na moja?"

"Hiyo pia."

"Nawe ulikuwa kwenye baiskeli ya pili."

"Hapana, mama. Nilikuwa nimekaa."

"Umekaa wapi?"

 Nilikuwa nimekaa pale pale, kwenye kona, karibu na dele, finjani miguuni. Mama alikitazama kile kiti kwa muda. Kisha akamtazama Bu Dhari, na Bu Dhari akayakwepa macho yake.

"Baba yenu naye alikuwa amekaa," alisema.

Nilitaka kusema ni hofu tu, mnanijua, mimi ni mwoga. Lakini ndani ya kifua mambo hayakuwa yametulia. Jarrah alikuwa ameanguka kutoka kwenye baiskeli na moyo wake umeshashuka. Mimi nilikuwa nimekaa tangu alasiri, na wangu bado ulikuwa unakwenda, unasimama, unakimbia, kama nilivyousikia kati ya makofi. Mwaka mzima niliusikia hivyo na nikauita kwa jina la mdogo wangu, nikasema namwogopea Jarrah.

"Kaka," Jarrah alisema, akawa amesimama na viatu vyake vyenye vyuma kwenye soli vinagonga sakafu. "Inuka. Polepole. Mishaal, gari."

Kwenye kiti cha nyuma alinilaza begani kwake, jasho lake halijakauka. Aliulamba ule mkanda mwenyewe, akanifungia kifuani kwa mkono mmoja, akauunganisha na simu yake. Safari hii alisoma kwanza zile namba ndogo za nyuma, moja moja, kwa sauti. Mama alikuwa mbele, amegeuka kutazama nyuma, unga bado mikononi.

"Ni ngapi?" nilimuuliza Jarrah.

"Nzuri."

"Nionyeshe."

"Funga macho, kaka. Tunafika hospitali."

Nilijaribu kuchungulia. Akaigeuza simu, akailaza kifudifudi juu ya paja lake, akaifunika kwa kiganja. Kisha akamwambia Mishaal akanyage mafuta.